Kibaba Kikijaa: Namba Kubwa Ndani ya Mashine Ndogo

Hotuba hii ilitolewa na fundi wa vifaa vya maji na umeme wa jua mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili. Tunaichapisha kwa manufaa ya kamati zote zinazosimamia visima, zahanati na miradi mingine yenye dira za kielektroniki.



Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Msemo huu tumeutumia mara nyingi tunapohimizana kuchangia. Leo naomba tuutazame kwa upande wake wa pili: kibaba kikishajaa, kinachoongezwa kinakwenda wapi? Anayepima mahindi ataona yanamwagika, naye atatafuta kibaba kingine. Lakini mashine ndogo tunazofunga kwenye visima vyetu hazimwagi kitu mbele ya macho ya watu. Kibaba chake kikijaa, kinarudi sifuri kimya kimya, na mashine inaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jambo hili linaweza kuonekana ni la mafundi peke yao. Sivyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari la kwanza la mradi wa maji si lile analoandika mweka hazina. Ni lile lililomo ndani ya dira. Daftari hilo likisema uongo, mhudumu mwaminifu anaitwa mwizi, kamati inagawanyika, na mfadhili anapata ripoti isiyoeleweka.

MASHINE YENYEWE NI IPI?

Maikrokontrola ni kompyuta nzima iliyowekwa ndani ya chipu moja. Imo ndani ya mita ya LUKU, ndani ya dira ya maji ya malipo ya kabla, ndani ya kidhibiti chaji cha paneli za jua, na ndani ya mizani ya dukani. Tunaipenda kwa sababu bei yake ni ndogo, inatumia umeme kidogo sana, na inavumilia kazi ya mchana na usiku.

Moja inayojulikana sana kwa mafundi na wanafunzi inaitwa ATmega328P. Ndiyo iliyomo kwenye ubao wa Arduino Uno. Kumbukumbu yake ya kazi ina baiti 2,048. Herufi moja ya kawaida huchukua baiti moja, kwa hiyo kumbukumbu yote hiyo inatosha takriban ukurasa mmoja uliopigwa chapa. Ndani ya ukurasa huo mmoja mashine inapaswa kuweka hesabu zake zote.

Chipu hii ni ya biti 8. Fikirieni taa nane zilizopangwa ukutani, kila moja ama imewaka ama imezimwa. Taa moja inatupa hali mbili. Taa mbili zinatupa hali nne, tatu zinatupa nane, na taa zote nane zinatupa hali 256. Taa hizo nane ndizo baiti moja. Inaweza kuhesabu kuanzia 0 hadi 255. Ukiongeza moja juu ya 255, taa zote zinazima. Umerudi sifuri.

Je, mashine hii haiwezi namba kubwa? Inaweza, na inafanya kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Tukijumlisha 7 na 5 tunapata 12: tunaandika 2, moja tunaiweka kichwani, tunakwenda nayo kwenye makumi. Chipu nayo inajumlisha baiti ya kwanza, ikifurika inaweka moja kichwani, kisha inakwenda nayo kwenye baiti ya pili. Kwa njia hiyo baiti mbili zinahesabu hadi 65,535. Baiti tatu zinafika 16,777,215. Baiti nne zinafika 4,294,967,295. Hakuna mwisho isipokuwa nafasi na muda wa kazi.

Basi udogo wa mashine si tatizo. Tatizo ni mtengenezaji kuchagua kibaba bila kuuliza kitapimiwa nini na kwa miaka mingapi.

MHUDUMU ALIYESHUKIWA BURE

Katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, kioski cha maji kilifungwa dira ya kielektroniki. Kila lita 10 zilipopita, dira ilitoa pigo moja la umeme, na maikrokontrola ilihesabu mapigo hayo kwa baiti mbili. Nimezinyoosha namba kidogo ili hesabu ifuatike kwa urahisi.

Kioski kiliuza ndoo 600 za lita 20 kwa siku. Hizo ni lita 12,000, yaani mapigo 1,200. Mwisho wa mwezi wa kwanza, siku 30, dira ilionyesha 36,000. Zidisha kwa 10 upate lita 360,000, yaani ndoo 18,000. Kwa shilingi 50 kila ndoo, hizo ni shilingi 900,000. Mama aliyekuwa mhudumu alikabidhi fedha, zikalingana. Kamati ikafurahi.

Mwezi wa pili mauzo yalikuwa yale yale. Kamati ilitazamia kukuta 72,000. Ikakuta 6,464.

Maneno yakaanza. Mmoja alisema mama amerudisha dira nyuma, kama wanavyofanya baadhi ya wauza magari. Mwingine akasema kama dira imerudishwa, basi yapo maji yaliyouzwa usiku. Mama alikuwa ameleta shilingi 900,000 nyingine kamili, pamoja na daftari lake la ndoo, lakini hakuna aliyemwamini, maana namba ya kulinganisha ilikuwa imeharibika. Akasimamishwa kazi kwa wiki tatu.

Nilipoitwa kukagua, nilifungua kifaa, nikaona ukubwa wa kibaba chake, kisha nikaomba karatasi. Baiti mbili zina nafasi 65,536. Jumlisha 65,536 na 6,464. Jibu ni 72,000. Hakuna lita hata moja iliyopotea. Kibaba kilijaa siku ya 55, kikarudi sifuri, kikaendelea kuhesabu.

Mama alirudishwa kazini, na kamati ikamwomba radhi mbele ya mkutano. Lakini, ndugu zangu, wiki tatu kijijini ni muda mrefu. Jina la mtu likishatajwa pamoja na wizi, halisafishwi kwa hesabu ya kujumlisha peke yake. Na dawa ya yote hayo ilikuwa nini? Baiti mbili za ziada, kati ya zile 2,048. Kwa baiti nne, kioski kile kingehesabu kwa zaidi ya miaka 9,000 kabla ya kurudi sifuri.

KUVUKA SAA KUMI NA MBILI

Msidhani kwamba kurudi sifuri ni ubovu siku zote. Sisi wenyewe tunaishi nako. Mtu akianza kulima saa nane mchana na kumaliza saa mbili usiku, hakuna anayesema amefanya kazi pungufu ya sifuri kwa sababu mbili ni ndogo kuliko nane. Tunajua saa imevuka kumi na mbili, kwa hiyo tunahesabu saa sita. Programu iliyoandikwa vizuri inafanya vivyo hivyo. Haiulizi saa inasoma ngapi; inauliza muda uliopita ni kiasi gani.

Hili lina uzito kwa pampu zetu. Ubao wa Arduino unahesabu elfu za sekunde tangu ulipowashwa, kwa baiti nne. Hesabu hiyo inajaa baada ya siku 49 na saa 17 hivi. Pampu iliyoagizwa kuzima hesabu ikifika namba fulani inaweza kuikosa namba hiyo na kuendelea kuvuta kisima kikavu hadi iungue. Pampu iliyoagizwa kuzima baada ya dakika 40 kupita itavuka salama.

Hata nchi kubwa zimeonja shida hii. Tarehe 14 Septemba 2004, kituo cha kuongoza ndege cha Palmdale, California, kilipoteza mawasiliano ya redio na ndege kwa zaidi ya saa tatu. Kompyuta yake ilihesabu muda kwa kibaba hicho hicho cha siku 49 na ushee, na mafundi walikuwa wametakiwa kuizima na kuiwasha upya kila siku 30. Safari ile haikufanyika. Funzo ni kwamba utaratibu unaotegemea mtu kukumbuka kila mwezi si dawa. Ni kuahirisha ugonjwa.

MAKOSA MENGINE MATATU

La kwanza ni namba zenye nukta. Mafundi wengine, wakiona namba ni kubwa, wanakimbilia aina ya namba za desimali wakidhani haina mwisho. Kwenye ubao ule, namba ya desimali inachukua baiti nne, lakini ni biti 24 tu zinazotunza tarakimu zenyewe. Ikifika 16,777,216, ukiongeza moja inabaki pale pale. Hairudi sifuri, inakwama. Kwa kioski cha lita 12,000 kwa siku kinachojumlisha lita moja moja, dira itakwama baada ya siku 1,398, yaani karibu miaka minne. Wakati huo mradi umeshakabidhiwa, ripoti ya mwisho imeshatumwa, na fundi ameshahama. Dawa yake ni kuhesabu kwa kipimo kidogo kisichogawanyika: lita nzima, shilingi nzima.

La pili ni kusoma namba ikiwa katikati ya kubadilika. Karani anafuta 199 kwenye ubao ili aandike 200. Mweka hazina anasoma 99 za mwisho kabla hazijafutwa, anainua macho, anakuta mamia yameshakuwa 2. Anaandika 299. Hakuna aliyedanganya, lakini namba hiyo haikuwahi kuwepo. Chipu ya biti 8 inasoma namba kubwa baiti moja moja, kwa hiyo inaweza kukosea namna hiyo hiyo pigo jipya likiingia katikati. Fundi makini anafunga mlango kwa kitambo kifupi sana wakati wa kusoma, au anasoma mara mbili na kukubali pale tu majibu yanapofanana.

La tatu ni umeme kukatika. Kumbukumbu ya kazi inasahau kila kitu umeme ukizimika, kwa hiyo namba huandikwa pia kwenye kumbukumbu ya kudumu. Kwa ATmega328P, kila nafasi ya kumbukumbu hiyo imekadiriwa kuandikwa mara 100,000. Inaonekana ni nyingi. Lakini ukiandika kila pigo, mapigo 1,200 kwa siku, umemaliza kadirio hilo kwa siku 83 tu. Fundi anayejua kazi anazungusha: anagawa uandishi kwenye nafasi 100 kwa zamu, na muda unakuwa zaidi ya miaka 20. Ni kama kubadilisha shamba ili udongo usichoke.

TULICHOJIFUNZA KWA MITA ZA LUKU

Wengi wenu mlipitia jambo hili mwaka 2024, pengine bila kuambiwa sababu. Mliponunua umeme mlipewa namba za ziada za kuingiza kwenye mita mara moja tu. Wengine walidhani ni wizi, wengine walidhani ni tozo mpya. Ilikuwa ni kibaba kinakaribia kujaa.

Mita za LUKU, pamoja na mita za malipo ya kabla za Kenya na Uganda, zinafuata utaratibu mmoja uitwao STS, ulioanzia Afrika Kusini. Zile tarakimu 20 mnazobonyeza ni namba moja kubwa ya biti 66. Chipu iliyo ndani ya mita haiwezi kuishika kwa mkono mmoja. Njia rahisi ni kuipokea tarakimu kwa tarakimu: kilichopo kinazidishwa kwa 10, tarakimu mpya inaongezwa, na kinachofurika kinapelekwa baiti inayofuata hadi baiti tisa. Kisha namba inafunguliwa kwa ufunguo wa siri wa mita hiyo. Ndani yake, biti 16 zinataja kiasi cha umeme, na biti 24 zinataja dakika ambayo tokeni ilitolewa, kuhesabu tangu tarehe 1 Januari 1993. Kwa dakika hiyo mita inatambua tokeni iliyokwisha kutumika, ili mtu asiitumie mara mbili.

Biti 24 ni dakika 16,777,216. Ni namba ile ile iliyoikwamisha dira ya desimali. Tangu mwanzo wa 1993, dakika hizo zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo tokeni mpya ingeonekana kuukuu, na mita ingeikataa hata kama mteja amelipa. Zile namba za ziada zilibadilisha ufunguo wa mita na kufuta kumbukumbu ya tokeni za zamani, ili hesabu ianze upya kwa kuhesabu kutoka mwaka 2014. Kibaba hicho kipya kitajaa Novemba 2045.

Hapa kuna mambo mawili ya kuiga. Kwanza, siku ya kujaa ilijulikana mapema na iliandikwa, haikuvizia watu. Pili, waliobuni mita walitengeneza mlango wa kutokea: mamilioni ya mita katika nchi nyingi zilirekebishwa bila fundi kufungua hata skrubu moja. Waliochagua biti 24 hawakuwa wazembe. Walichagua kibaba cha miaka 31 kwa chipu za wakati ule, na wakaacha njia. Lililopungua mahali pengi ni maelezo kwa wananchi, na hilo ndilo fungu letu sisi wa kamati.

MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KUPOKEA KIFAA

Ndugu wajumbe, hamhitaji kuwa mafundi. Mnahitaji kuuliza, na kutia sahihi baada ya kujibiwa kwa maandishi.

1. Pigo moja la dira ni lita ngapi, na namba kubwa kabisa ambayo kifaa kinaweza kutunza ni ipi? Gawanyeni namba hiyo kwa mapigo ya siku moja, mtapata siku ya kujaa. Ikiwa iko ndani ya umri wa mradi, rudisheni kifaa.

2. Namba ikijaa, kifaa kinafanya nini? Kinarudi sifuri, kinakwama, au kinatoa onyo? Mtu atajuaje?

3. Umeme ukikatika, hesabu inatunzwa wapi, na kumbukumbu hiyo imekadiriwa kudumu miaka mingapi kwa mauzo yetu?

4. Tarehe za kifaa zinaishia lini? Vifaa vinavyohesabu sekunde tangu mwaka 1970 kwa biti 32 zenye alama ya kujumlisha au kutoa, vinajaa tarehe 19 Januari 2038, asubuhi saa kumi na mbili na dakika 14 kwa saa za Afrika Mashariki. Kidhibiti cha pampu kinachonunuliwa leo kinaweza kuwa bado kinafanya kazi siku hiyo.

5. Programu iko mikononi mwa nani? Mkandarasi akiondoka, yupo fundi mwingine anayeweza kuibadilisha?

Tena kuna jaribio ambalo kila kamati inaweza kulidai siku ya makabidhiano. Mwambieni fundi aiweke hesabu ya dira karibu na kujaa, kwa mfano 65,530 kwa dira ya baiti mbili. Kisha chukueni ndoo tano za lita 20. Hizo ni lita 100, mapigo 10. Dira itavuka mbele ya macho yenu wote. Kama itaonyesha 4, mmeshajua tabia yake. Kama itaonyesha 65,540, mmepata kibaba kikubwa. Jaribio hili halimalizi nusu saa, na linagharimu maji ya ndoo tano ambayo bado mtayanywa.

Kwa ndugu zetu wafadhili nina ombi moja. Katika bajeti zenu huwa kuna fungu la kununua vifaa na fungu la kufunga. Naomba liwepo pia fungu dogo la kujaribu vifaa hadi vijae, na kifungu kwenye mkataba kinachodai ukubwa wa namba uandikwe kama unavyoandikwa ukubwa wa bomba. Hakuna anayekubali bomba bila kuuliza inchi zake.

Na kamati zisiache daftari la mkono. Yule mama aliandika ndoo zake kila siku kwa kalamu, na daftari lake ndilo lililokubaliana na hesabu yangu. Mashine na daftari vikitofautiana, msianze kumtafuta mwizi. Anzeni kwa kuuliza kibaba kina ukubwa gani. Ikiwa namba imeshuka ghafla, jaribuni kwanza kuongeza 65,536 kabla ya kumwita mtu mbele ya kikao.

Ndugu Mwenyekiti, mashine ndogo si adui wa hesabu kubwa. Inabeba mzigo wowote kidogo kidogo, mradi aliyeipanga amekumbuka kuiwekea nafasi ya kutosha. Sisi tunaopokea vifaa hivyo kwa niaba ya wananchi tuna wajibu wa kujua nafasi hiyo inaishia wapi.